Mwiteni Asha: Mwongozo kwa Wazazi Wanaobabaika

Mtoto wa kike amezaliwa juzi, na tayari makundi matatu ya WhatsApp yamewaka moto. Ndugu wa mama wanataka Aaliyah, jina lenye herufi a tatu, na kuna mtu amekwisha kuuliza kama inawezekana kuongeza ya nne. Ndugu wa baba wanataka jina la bibi mzaa baba lakini wanaona haya kulitaja, eti ni la zamani. Marafiki nao wametuma orodha ya majina mia mazuri ya Kiswahili waliyoiokota kwenye intaneti, na mengi ya hayo hakuna Mswahili aliyewahi kuitwa tangu Kilwa ijengwe.

Mwongozo huu ni wa baba na mama waliokaa katikati ya kelele hizo. Shauri lake ni moja na limetolewa kwa moyo mweupe: mwiteni Asha. Msimwite Ayesha. Msimwite Ayshah, mwenye h ya kupunga mkono mwishoni. Asha, herufi nne, silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, kama wanavyolitamka watu wa pwani vizazi na vizazi bila kuchoka nalo.

Anzeni na bibi

Kabla hamjafungua simu kutafuta maana za majina, hesabuni mabibi. Familia yenye asili ya Tanga, Bagamoyo, Unguja, Mombasa au Lamu ikisema haina Asha hata mmoja katika vizazi vinne, irudi ikahesabu upya, kuna mtu amesahauliwa. Huenda alijulikana kama Mwanaasha au Mwanaisha, kwa kuwa zamani mwanamke wa heshima alitanguliziwa neno Mwana mbele ya jina lake, kama alivyokuwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Huenda aliitwa Esha. Huenda watu walimwita Bi Mkubwa maisha yake yote, na jina lake halisi likasikika mara ya kwanza kwenye khitma. Huyo ndiye mwenye jina. Mtafuteni.

Akiwa hai, nendeni kwake kabla ya siku ya saba. Msimpigie simu. Jina haliombwi kwa simu. Mazungumzo yatakuwa hivi, au karibu na hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Tumekuja kukuomba jina."

"Jina gani? Hili langu la kizee? Mtoto wa siku hizi mumwite Asha?"

"Ndiyo, bibi. Awe wajina wako."

Atacheka, atakataa, atataja majina mengine mawili matatu ya kisasa ili muone kwamba yeye halazimishi mtu. Msiyaandike. Anawapima kama mmekuja kwa dhati. Mkishikilia, atanyamaza kidogo, kisha ataagiza sanduku lake lifunguliwe. Itatoka doti ya khanga iliyokunjwa tangu harusi ya mtu fulani, na pengine bangili. Pokeeni kwa mikono miwili. Kuanzia siku hiyo mtoto ana mtu wake ndani ya ukoo, mtu atakayemuulizia kila Ijumaa na kumtetea hata akiwa na makosa.

Kuna jambo la adabu ambalo mama wa mtoto atakutana nalo, na afadhali ajiandae. Ikiwa Asha huyo ni mama mkwe wake, hatalitamka jina kirahisi. Katika familia nyingi mke hamtaji mama mkwe kwa jina, na mtoto aliyerithi jina hilo huishia kuitwa Mama au Bibi hata kabla hajaota meno. Msishangae mkimsikia mwanamke mzima akimbembeleza mtoto wa mwaka mmoja, "Bibi, njoo unywe uji." Hiyo ni heshima ya kweli na hakuna sababu ya kuiondoa. Lakini basi baba, shangazi na majirani walipaze jina lenyewe uani kila siku, la sivyo mtoto atafika darasa la kwanza, mwalimu aite Asha, na yeye ageuke nyuma kumtafuta anayeitwa.

Siku ya saba fanyeni yale yanayofanywa. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, akika ya mtoto wa kike ni mbuzi mmoja na ya mtoto wa kiume ni wawili, nywele za mtoto hunyolewa, na thamani ya uzito wake kwa fedha hutolewa sadaka. Mkiwa hamna uwezo wa mbuzi, jina halisubiri mbuzi.

Jueni mnampa nini

Asha ni Aisha aliyefika pwani akakaa. Kwa Kiarabu, Aisha ni mwanamke aliye hai, anayeishi. Mzizi wake ndio uliotupa ishi na maisha, kwa hiyo Mswahili yeyote ana ndugu wa jina hili kinywani mwake kuanzia asubuhi mpaka usiku. Wazazi waliomwita mtoto hivyo katika miaka ambayo surua na malaria ziliwamaliza watoto hata kabla ya arobaini, walijua wanaomba nini.

Halafu kuna mwenyewe, na hapa nawasihi msipite haraka. Bibi Aisha alikuwa binti wa Abubakar, khalifa wa kwanza, na mke wa Mtume Muhammad. Mtume alifariki mwaka 632. Bibi Aisha aliishi miaka 46 baada yake, akafa Madina mwaka 678 na kuzikwa Baqii. Katika miaka hiyo alikuwa mwalimu. Hadithi zilizopokewa kwake zinahesabiwa kuwa 2,210, na nyingi kati ya hizo zinaeleza mambo ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuyaeleza, yaani Mtume alivyoishi ndani ya nyumba yake. Masahaba wakubwa walimwendea kuuliza. Mpwa wake Urwa bin Zubeir, ambaye naye alikuwa mwanachuoni mkubwa, alimsifu kwa elimu ya fiqhi, ya tiba na ya mashairi. Mtu anayewaambia kwamba binti hahitaji kusoma sana kwa kuwa ni mwanamke, na huku mtoto ameitwa Asha, mwambieni akae chini muanze naye tangu mwanzo.

Mwaka 656 Bibi Aisha alikuwa karibu na Basra katika Vita vya Ngamia, vita vilivyopata jina lake kwa ngamia aliyempanda, dhidi ya jeshi la Ali bin Abi Talib. Ndiyo maana Waislamu wa madhehebu ya Shia kwa kawaida hawawapi binti zao jina hili. Kama mmeoleana na familia ya Kishia, iwe Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, kaeni nao mapema mzungumze kwa heshima. Mwongozo huu hautaki kugombanisha wakwe, na mtoto hapaswi kuanza maisha akiwa ameshika jina ambalo nusu ya ndugu zake wanaumia kulitaja. Hapo tu ndipo ninapokubali mtafute jina jingine.

Mjomba aliyesoma

Mtu wa kwanza kubisha atakuwa mjomba. Kila ukoo unaye. Ataweka kikombe cha kahawa chini, atasafisha koo na kutangaza kwamba Asha si jina, jina ni Aisha, na kwamba Waswahili wameliharibu kwa uvivu wa ulimi. Msikilizeni hadi amalize, kisha mmjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la dini, kwa kuwa ameanza na dini. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya Mtume akimfikishia mkewe salamu za Jibrili, na katika hadithi hiyo anamwita kwa kulikata jina lake, Aish. Jina hili lilifupishwa kwa mapenzi na mtu ambaye mjomba hawezi kumsahihisha. Mimi naona hapo mjadala ungeweza kuishia, lakini mjomba hamjamaliza naye, atahamia kwenye lugha.

Basi la pili ni la lugha. Kiswahili hakina sauti ya ayn ambayo Mwarabu huitoa kooni, na a ikikutana na i mara nyingi huungana zikawa e. Ndivyo ma na ingi zilivyotuletea mengi, na hakuna mtu anayedai tuseme mambo maingi. Kwa njia hiyohiyo Aisha akawa Esha, na kwa njia fupi zaidi akawa Asha. Ulimi uliofanya kazi hiyo haukuwa mvivu. Ulifuata kanuni zake kama unavyozifuata kwa maneno mengine yote.

Wala hatuko peke yetu. Mturuki anasema Ayşe, na ni mojawapo ya majina ya kike yenye watu wengi zaidi Uturuki. Msomali anaandika Caasha. Kwa Wahausa kuna Shatu. Kwa Wafulani na majirani zao wa Senegal na Guinea jina limerefuka likawa Aïssatou. Riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979, ile iliyoandikwa yote kama barua, mwandikiwa wake ni Aïssatou. Mjomba hajawahi kupanda ndege kwenda Istanbul kuwaambia Waturuki warekebishe vitambulisho vyao. Kwa nini mabibi wa Pangani ndio waonekane hawajui majina yao?

Nina ushahidi mwingine, nao umetoka mahali ambapo mjomba hatautarajia. Mwingereza Rider Haggard aliandika riwaya iitwayo She, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la The Graphic la London kuanzia Oktoba 1886 hadi Januari 1887. Malkia wa kutisha wa hadithi hiyo, anayetawala ndani ya Afrika, anaitwa Ayesha. Haggard akaona wasomaji wake watakwama, akaweka tanbihi kuwaelekeza kwamba litamkwe Assha. Kwa hiyo mwaka huohuo ambao mabibi wa mabibi zetu walikuwa wakiitana Asha mabarazani, wasomaji wa London walikuwa wakifundishwa matamshi yanayokaribia hayohayo. Na leo wajukuu wa pwani wanaliandika Ayesha ili waonekane wa kimataifa.

Hilo la kuliandika kigeni ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu anayemwita bintiye Aisha kwa kuwa ndivyo ukoo wake unavyosema, sina ugomvi naye, ni jina tukufu. Tanzania inaye Aisha Masaka, mshambuliaji aliyecheza Häcken ya Sweden na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza, na sijasikia mtu akilalamika kwamba silabi zake ni tatu. Ninaowasema ni wale ambao bibi yao ni Asha, mama yao mdogo ni Asha, na wakifika kwenye fomu wanaona aibu, wanaandika Aeysha. Wanadhani wamelisafisha. Wamemwambia bibi yao kwamba alikosewa kuitwa kwa miaka themanini.

Watu wa mtaani

Baada ya mjomba watakuja wale wanaosema Asha ni jina la uswahilini. Wanalisema kwa sauti ya chini kidogo, kama wanaotaja ugonjwa. Wana picha moja kichwani, ya mwanamke wa nyumba ya kupanga mwenye khanga kifuani na maneno mengi, na wanaamini jina ndilo lililomfanya hivyo. Kwanza, mwanamke huyo ana kosa gani? Ameamka saa kumi alfajiri, amekaanga vitumbua, amesomesha watoto. Pili, hesabuni Asha wengine mbele yao, polepole.

Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania mwaka 2006. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mtu wa tatu kuwahi kushika cheo hicho, na akakaa hapo mpaka 2012. Kwa miaka yote hiyo vyombo vya habari vya dunia vililitamka Asha bila kuvunjika ulimi. Angalieni pia lile Rose lililounganishwa kwa kistari: jina letu linakaa vizuri na jirani wa aina yoyote, na mzazi Mkristo anayelipenda asijione mgeni.

Asha Haji Elmi wa Somalia aliona katika mazungumzo ya amani ya Arta, Djibouti, mwaka 2000 kwamba viti vyote vimegawanywa kwa koo tano na kila ukoo umewakilishwa na wanaume. Yeye na wenzake wakatangaza kwamba wanawake ni Ukoo wa Sita, wakaingia na kukaa. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Mkitaka binti atakayejua kudai nafasi yake mezani, huyo hapo wa kumsimulia.

Asha Baraka ameiongoza bendi ya Twanga Pepeta katika biashara ya muziki wa dansi ambayo wanaume wengi wameikimbia. Na Malika, aliyeimba Vidonge, wimbo ambao harusi ya pwani haikuisha bila kupigwa, jina lake ni Asha Abdo Suleiman. Anayesema jina hili halina hadhi aulizwe ni harusi gani alizohudhuria.

Wanaofanana naye

Mtoto atakua, atasafiri, na ataambiwa jina lake lina maana nyingine. Mwambieni mapema ili asibabaike.

Kwa Kisanskriti na Kihindi, asha ni tumaini, na hilo ni jina jingine kabisa lililokutana na letu njiani. Familia za Kihindu za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zimewapa binti zao Asha bila kuazima chochote kwetu. Asha Bhosle, aliyezaliwa mwaka 1933, ndiye mkubwa wao. Mwaka 2011 Guinness walimtambua kuwa msanii aliyerekodi nyimbo nyingi kuliko wote duniani. Sauti yake ilisikika kwenye kumbi za sinema za pwani yetu, na waimbaji wa taarab kama Juma Bhalo wa Mombasa walizitia maneno ya Kiswahili tuni za sinema za Kihindi hadi watu wakasahau zimetoka wapi. Kwa hiyo binti yenu akikutana na Asha wa Kihindi shuleni, wasigombanie jina. Mmoja ni uhai, mwingine ni tumaini, wakae dawati moja.

Katika dini ya Zaratustra, asha ni ukweli na mpangilio mwema wa ulimwengu. Zanzibar iliwahi kuwa na jamii ya Waparsi wa dini hiyo, na ndimo alimozaliwa mwanamuziki Freddie Mercury mwaka 1946. Mwimbaji Aṣa wa Nigeria, ambaye hutamkwa Asha, alijipa jina la kisanii la Kiyoruba lenye maana ya mwewe. Na mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni, Wish, ambayo shujaa wake ni msichana aitwaye Asha, hivyo ikitokea mtoto wa jirani akasema jina hilo ni la kizamani, mwonyesheni katuni.

Safarini kuna angalizo moja. Mkihamia Nyeri au Murang'a, jueni kwamba kwa Kikuyu neno linaloandikwa aca hutamkwa karibu sawa na asha, na maana yake ni hapana. Binti atakuwa anaitwa kutoka uani na jirani anadhani kuna ugomvi. Atazoea, na huenda ikamsaidia kukataa mambo kwa lugha mbili.

Msimchanganye na Ashura pia. Ashura ni jina la siku ya kumi ya Muharram, limetokana na kumi kwa Kiarabu, na lina watu wake. Kumkatisha Ashura akawa Asha ni kumnyang'anya siku yake.

Wamarekani weusi nao wana sehemu katika hadithi hii, na ni sehemu nzuri. Miaka ya 1960 na 1970 walipokuwa wakitafuta majina ya Kiafrika na ya Kiislamu, Aisha lilikuwa miongoni mwa yaliyopendwa sana, na Stevie Wonder akalipeleka kila nyumba kwa wimbo wa mwaka 1976 aliomwimbia bintiye mchanga. Vitabu vyao vya majina vina Asha na vina Eshe, vyote vikielezwa kuwa ni Kiswahili chenye maana ya maisha, na huorodheshwa mbali mbali kana kwamba hayajuani. Mkimpata rafiki huko aliyemwita mwanawe Eshe, mwambieni kwa furaha kwamba mtoto wake ana mabibi Lamu. Ufaransa nako Khaled wa Algeria aliimba Aïcha mwaka 1996, wimbo uliotungwa na Jean-Jacques Goldman, na Uingereza katika miaka ya 2010 Aisha lilikuwa ndani ya majina mia ya kwanza ya watoto wa kike. Jina halijapungukiwa na wapenzi. Linalopungukiwa ni hii sura yake ya pwani, na huko ndiko nataka mtie nguvu.

Karatasi

Sasa fanyeni haraka, kwa sababu jina lililokubaliwa barazani na kuharibiwa kwenye fomu ni maumivu ya maisha.

Tanzania Bara mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ina mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, na kupitia mpango huo cheti hupatikana bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Kwa hiyo hakuna udhuru. Nendeni wawili. Baba akienda peke yake ataulizwa tahajia na atajibu kwa kukisia, kisha atarudi nyumbani na Asher, ambalo ni jina la mtoto wa kiume wa Yakobo.

Ukifika dirishani, usiliseme jina tu. Litaje herufi kwa herufi: A, S, H, A. Mwombe anayeandika akusomee alichoandika. Soma mwenyewe. Kama huoni vizuri, vaa miwani, na kama huna miwani, mwite kijana aliye nyuma yako kwenye foleni. Ukiona i imeingia katikati, sema palepale. Baada ya cheti kutoka, herufi hiyo moja itamfuata mtoto kwenye cheti cha darasa la saba, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa, pasipoti na akaunti ya benki. Mtu ambaye cheti kimoja kinasema Asha, cha pili Aisha na cha tatu Ashah hulazimika kwenda kula kiapo mbele ya wakili kwamba wote hao ni yeye mmoja, na hulipia kiapo hicho, na mara nyingine hukosa nafasi ya kazi au ya chuo akiwa bado anakitafuta. Nimewaona wasichana wengi wakihangaika na jambo hili, na kila mara chanzo ni mtu mzima mmoja aliyeona uvivu wa kutaja herufi nne.

Mwandikieni na jina la baba na la babu kwa tahajia ileile iliyo kwenye vitambulisho vyao. Hifadhini nakala mbili za cheti, moja kwa mama na moja kwa bibi mwenye jina, maana sanduku lake halipotezi kitu.

Kisha rudini nyumbani mkamfundishe. Akifika miaka mitano ajue kwamba yuko Asha aliyemtangulia, aliishi wapi, alipika nini, alizaa wangapi. Akifika kumi ajue habari za Bibi Aisha na zile hadithi 2,210. Akifika kumi na tano, mtu akimwambia jina lake sahihi ni Aisha, ajue la kujibu bila kuwatafuta nyinyi. Na siku atakapotaka kujiita Ashley kwa wiki mbili, mwacheni, wengi hupita hapo, ila endeleeni kumwita Asha mnapomtuma dukani.

Mzazi uliye na binti wa siku tano na bado unatembeza kidole kwenye orodha za intaneti, una siku mbili. Weka simu chini. Nenda kamuulize mama yako bibi yake aliitwa nani, na akikujibu ni Asha, mpe mtoto jina lake kama lilivyo.